Kutafuta virusi kwa ndege wa majini: mwongozo kamili kuanzia ukingoni mwa ziwa hadi kwenye jenomu

Bata mwitu anayeogelea Naivasha, mnene na mwenye manyoya yanayong'aa, anaweza kuwa amebeba kirusi cha mafua, kirusi cha korona na kirusi cha jamii ya mdondo kwa wakati mmoja bila kuonyesha dalili yoyote. Mwongozo huu ni wa madaktari wa mifugo, maofisa wanyamapori, wanafunzi wa uzamili na watu wa maabara wanaotaka kuvipata virusi hivyo vikiwa bado vinasomeka. Sehemu kubwa inahusu kazi ya ziwani, na hilo ni la makusudi: sampuli iliyoharibikia juani hakuna mashine ya maabara itakayoifufua.

Nani hubeba nini

Aina ya kirusi unachokitafuta ndiyo inayoamua umkamate ndege gani, na uchukue sampuli sehemu gani ya mwili. Liamue hili kabla ya kupakia gari.

Virusi vya mafua aina ya A hutajwa kwa protini mbili za juu ya ganda, H na N. Kwa ndege tunazo H1 hadi H16 na N1 hadi N9. H17 na H18 zilipatikana kwa popo. Wenyeji wake wa asili ni bata na jamaa zao, shakwe, buabua, na ndege wa matopeni kama chamchanga. H13 na H16 ni za shakwe hasa, kwa hiyo aliyekamata bata peke yao asishangae kuzikosa. Jenomu ya mafua, yaani seti yake nzima ya jeni, imekatika vipande 8. Ndege mmoja akiambukizwa aina mbili kwa pamoja, vipande hivyo huchanganyika na kutoa aina ya tatu, na hapo ndipo utofauti wake mwingi unapotoka.

Korona za ndege wa porini ni za makundi mawili, gama na delta, tofauti na kundi la beta lenye kirusi cha UVIKO-19. Jamii ya mdondo, ambao wengine huuita kideri, ina aina nyingi ambazo haziwadhuru ndege wanaozibeba, na njiwa wana nasaba yao wenyewe. Utumboni utakuta pia astrovirusi, rotavirusi na virusi vya jamii ya polio. Ndui ya ndege huonekana kwa macho: vinundu kwenye miguu, kope na mzizi wa mdomo. Kasuku wana sirkovirusi inayoharibu manyoya na mdomo.

Kundi la mwisho huenezwa na mbu, na lina mizizi Afrika. Kirusi cha homa ya Nile Magharibi kilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1937 katika damu ya mwanamke wa wilaya ya West Nile, Uganda. Mwaka 1999 kilitokea New York na kuwaua kunguru kwa wingi. Kirusi cha Usutu kilipatikana kwa mbu Afrika Kusini mwaka 1959, na mwaka 2001 kikaonekana kikiua ndege Austria. Virusi hivi hukaa kwenye damu ya ndege siku chache tu, kwa hiyo swabu ya kinyesi (kijiti chenye ncha ya kunyonya) pekee itakuonyesha picha ndogo. Unahitaji damu, na mara nyingi utakachopata ni kingamwili, yaani alama kwamba ndege aliwahi kuambukizwa.

Vibali kwanza

Tanzania utapitia TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia). Kenya, NACOSTI (tume ya sayansi na teknolojia) pamoja na WRTI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na KWS (shirika la wanyamapori). Uganda, UNCST (baraza la sayansi na teknolojia) na mamlaka ya wanyamapori, UWA. Kila nchi pia ina idara ya huduma za mifugo, na hiyo ijue mapema kwa sababu ndiyo itakayotangaza matokeo yakiwa mabaya. Kama sampuli zitavuka mpaka, omba kibali cha kusafirisha, kibali cha nchi inayopokea, na mkataba wa matumizi ya rasilimali za kijenetiki chini ya Itifaki ya Nagoya (makubaliano ya kimataifa ya kugawana manufaa ya rasilimali hizo). Anza miezi kadhaa kabla. Timu nyingi hufika ziwani na kibali cha kukamata ndege lakini hazina cha kusafirisha damu yao, na sampuli zinabaki kwenye friza ya watu hadi umeme ukatike.

Mahali, msimu na idadi

Maziwa yetu hayafanani hata kidogo. Kirusi cha mafua hudumu zaidi kwenye maji yenye baridi, chumvi kidogo, na pH kati ya 7.4 na 8.2 hivi. Naivasha, Viktoria na mabwawa ya mpunga yako karibu na hali hiyo kuliko Nakuru, Bogoria au Natron, ambako magadi hupandisha pH hadi karibu 10. Heroe wanapendeza kwenye picha, lakini kama fedha zinatosha ziwa moja tu na unatafuta mafua, nenda kwenye maji yasiyo na chumvi yenye bata. Jirani yake pawe na kijiji chenye bata wa kufugwa, maana hapo ndipo virusi vinapovuka.

Ndege wahamaji kutoka Ulaya na Asia huingia kuanzia Agosti na kuondoka Machi hadi Aprili. Fanya angalau ziara tatu: Oktoba au Novemba wanapokuwa wamewasili, Januari au Februari wanapokuwa wamesongamana kwenye maji yaliyobaki, na Juni au Julai wakiwapo wenyeji peke yao. Ziara ya Juni hukatwa na wengi ili kupunguza gharama. Msiikate. Bila hiyo hamtajua kama kirusi kimeletwa na wageni au kinaishi hapa mwaka mzima.

Januari 2017 ndiyo somo letu kubwa. Mizoga ya buabua wenye mabawa meupe, Chlidonias leucopterus, ilionekana ukingoni mwa Ziwa Viktoria upande wa Entebbe, na vifo vikatokea pia kwa kuku na bata wa kufugwa Masaka. Kirusi kilikuwa H5N8 kikali. Kenya ikapiga marufuku kuku kutoka Uganda. Angalia ni ndege gani aliyetoa ishara: buabua, mhamaji mdogo ambaye orodha nyingi za sampuli zinazolenga bata humwacha nje.

Kuhusu idadi, ili uwe na uhakika wa asilimia 95 kwamba utampata angalau ndege mmoja mwenye kirusi, gawa 3 kwa kiwango cha maambukizi unachotarajia upate makadirio ya haraka. Kwa hesabu kamili, kikiwa asilimia 10 unahitaji ndege 29. Asilimia 5, ndege 59. Asilimia 1, ndege 299. Hesabu hiyo ni ya kila spishi, kila ziara. Pia inachukulia kwamba ndege hawaambukizani, jambo ambalo si kweli ndani ya kundi moja. Ndege 59 wa kundi moja la asubuhi moja si sawa na ndege 59 wa makundi sita ya siku nne. Tawanya.

Kiowevu cha kuhifadhi

Unaweza kununua kiowevu kilicho tayari. Ukitengeneza mwenyewe, kwa lita 1 ya maji yaliyochujwa weka sodiamu kloridi gramu 8, potasiamu kloridi gramu 0.2, Na2HPO4 gramu 1.44 na KH2PO4 gramu 0.24. Rekebisha pH iwe 7.4, chemsha kwenye otoklevu nyuzi 121 kwa dakika 15, acha ipoe kabisa. Ongeza albumini ya ng'ombe gramu 5 iliyochujwa kwa chujio la mikromita 0.22, protini hii huzuia virusi kunata kwenye plastiki.

Kisha dawa. Kwa swabu za koo weka penisilini yuniti 2,000 kwa kila mililita, streptomaisini miligramu 2, gentamaisini mikrogramu 50 na nistatini yuniti 1,000. Kwa swabu za kloaka (tundu moja la ndege la kinyesi, mkojo na mayai) na za kinyesi zidisha zote mara tano, la sivyo bakteria wataharibu mayai utakayooteshea kirusi maabarani kabla kirusi hakijakua. Nistatini haiyeyuki vizuri, kwa hiyo iongeze baada ya kuchuja, na utikise chupa kila unapogawa. Pima pH tena mwishoni, kwa sababu dawa hizi huishusha na mafua hayapendi asidi.

Gawa mililita 1.2 kwenye vichupa vya mililita 2 vyenye kifuniko cha kuskurubu na mpira ndani, kisha gandisha. Yeyusha vya siku hiyo tu. Kiowevu kilichogeuka rangi au kuwa na ukungu kitupwe.

Kama lengo ni kusoma jenomu pekee na hutafuti kirusi hai, kimiminika kama DNA/RNA Shield huua kirusi na kutunza RNA (kemikali inayobeba jenomu ya vingi vya virusi hivi) hata bila baridi kwa muda. Ni usalama mkubwa kwa timu isiyo na friza. RNAlater hutunza RNA, lakini usiihesabu kuwa imeua kirusi.

Swabu ziwe za poliesta au nailoni zenye kijiti cha plastiki. Kijiti cha mbao na ncha ya alginati ya kalsiamu huzuia kipimo cha PCR (kinachonakili kipande cha jenomu ya kirusi hadi kionekane), na huonekana kama ndege wote ni safi.

Kujikinga

Ovaroli, glavu mbili, barakoa ya N95 au FFP2, miwani ya kinga iliyofunga pembeni, buti za mpira. Ziwani kuna joto, na mtu atataka kuvua barakoa saa nne asubuhi. Mpumzishe kivulini badala ya kumruhusu aivue akiwa na ndege mkononi. Glavu ya juu hubadilishwa kila ndege; hii ni kinga yako na pia ni kinga ya sampuli inayofuata.

Matope huondolewa kwanza kwa brashi na maji, ndipo dawa ipakwe: Virkon ya asilimia 1 au klorini. Dawa iliyomwagwa juu ya tope inaua tope tu. Baada ya kazi, kaa siku tatu bila kuingia banda la kuku. Mtu akipata homa, kikohozi au macho mekundu ndani ya siku 10, aende hospitali na amwambie daktari wazi kwamba alishika ndege.

Kumkamata na kumshika

Nyavu nyembamba za kutega ndege hutumika alfajiri na jioni, zikaguliwe kila dakika 15 hadi 20. Kwa bata, mitego ya kutembea ndani yenye chambo cha nafaka ni ya upole zaidi. Acha kazi jua likipanda na wakati wa mvua. Ndege aliyelowa ndani ya wavu hufa kwa baridi haraka kuliko watu wanavyodhani.

Ndege mdogo hushikwa mgongo ukiwa kiganjani, shingo ikipita kati ya kidole cha shahada na cha kati, bila kubana kifua. Ndege hana kiwambo kama chetu, hupumua kwa kupanua kifua, na mkono uliokaza humuua kimya kimya. Bata hubanwa mabawa yakiwa yamekunjwa, ubavuni mwako, kichwa kikitazama nyuma. Ndege wa miguu mirefu kama heroe na korongo wasikunjwe miguu kwa muda mrefu: misuli yao huharibika kwa msongo na huenda wasisimame tena. Hao wapewe kipaumbele na waachiwe kwanza. Dakika 10 kwa ndege mmoja zinatosha.

Timu ndogo inayofanya kazi vizuri ni ya watu wanne: anayeshika, anayechukua sampuli, anayefungua na kufunga vichupa, na anayeandika. Anayeandika asishike ndege kabisa.

Swabu, hatua kwa hatua

1. Kabla ya kumgusa ndege, bandika msimbo kwenye kichupa na uandike msimbo uleule kwenye fomu. Tumia lebo za kuhimili baridi kali zilizochapishwa. Wino wa kalamu ya kawaida hufutika kwa spiriti, na kichupa kisicho na jina ni taka. Msimbo mfupi unatosha: ziwa, mwaka, namba ya ndege, na herufi ya sehemu, mfano NV25-041-K kwa koo na NV25-041-U kwa kloaka.

2. Andika spishi, umri kwa manyoya, jinsia kama inaonekana, uzito, namba ya pete, saa, GPS, na hali ya ndege. Piga picha ya bawa na kichwa. Umri ni wa lazima. Bata wachanga hawajajenga kinga na hubeba mafua zaidi kuliko wazazi wao; ukikosa umri, nusu ya maana ya matokeo imepotea.

3. Koo. Fungua mdomo kwa kidole gumba na cha shahada. Lowesha ncha ya swabu kwenye kiowevu, kisha isugue taratibu kwenye paa la mdomo penye mwanya, na kuzunguka tundu la koo la hewa nyuma ya ulimi. Usizibe tundu hilo. Sekunde tano zinatosha.

4. Kloaka. Geuza mkia juu, tenga manyoya. Ingiza ncha iliyoloweshwa hadi ifunikwe tu, zungusha mara mbili hadi nne kwenye kuta. Ncha itoke na rangi ya kinyesi. Bonge kubwa likung'utwe, kwa kuwa asidi ya yuriki na mabaki ya mimea huzuia PCR. Kwa ndege chini ya gramu 100 tumia swabu nyembamba za watoto, na kama haiingii kwa urahisi, acha. Kinyesi alichoacha kwenye mfuko safi wa kitambaa kinafaa.

5. Ingiza ncha kwenye kichupa, kata kijiti kwa mkasi uliopitishwa kwenye klorini na kusuuzwa, funga kwa nguvu, tikisa mara tano.

6. Kichupa kiende kwenye barafu ndani ya dakika moja.

Je, koo na kloaka viwekwe kichupa kimoja? Kama swali ni kuwapo au kutokuwapo kwa H5, inaruhusiwa na inapunguza gharama kwa nusu. Kama swali ni utofauti wa virusi, tenganisha. Mafua hafifu ya bata huishi utumboni, lakini H5 kali za miaka ya karibuni hutoka zaidi kooni, na hutaona tofauti hiyo ukishazichanganya. Timu iliyozoea kuchukua kloaka peke yake, kama ilivyokuwa desturi zamani, huzikosa.

Kila siku chukua pia swabu tupu mbili: ncha iliyoloweshwa, ikapeperushwa hewani pale kazini, ikafungwa. Maabara itakuuliza.

Damu

Kiasi cha juu ni asilimia 1 ya uzito wa mwili, yaani mililita 0.1 kwa kila gramu 10. Chamchanga wa gramu 25 hutoa mililita 0.25 tu, na bata hutoa 1 hadi 2, hata kama hesabu inaruhusu zaidi. Mshipa wa bawa, chini ya kiwiko, ndio rahisi. Lowesha manyoya kwa spiriti, tumia sindano ya geji 25 hadi 27, vuta polepole kwani mshipa husinyaa ukivutwa kwa nguvu. Bana kwa pamba dakika moja kamili. Uvimbe wa damu kwenye bawa la mhamaji anayejiandaa kuruka maelfu ya kilomita si jambo dogo.

Acha damu igande kivulini saa moja au mbili, izungushwe kwenye sentrifuji, seramu (maji ya damu yanayobaki juu ya bonge) ihamishwe kwenye kichupa kipya. Bonge litunzwe pia. RNA ya virusi vya mbu hupatikana humo.

Kinyesi kilichodondoka

Njia hii haimgusi ndege, na kwa bajeti ndogo ndiyo tunayoipendekeza. Fika alfajiri walipolala, wakiwa kundi la spishi moja. Watazame kwa darubini na upige picha, kisha wasogeze taratibu. Okota kinyesi kibichi kinachong'aa peke yake, ukiruka mita moja hadi mbili kati ya kimoja na kingine ili usimchukue ndege mmoja mara mbili. Chovya swabu katikati ya sehemu ya kijani au kahawia; ile nyeupe kama chokaa ni mkojo wake na huharibu PCR. Jua likishaangaza tope, acha. Kinyesi kilichokauka juu mara nyingi hakina tena kirusi hai.

Udhaifu wake ni kutokuwa na uhakika wa mwenye kinyesi. Maabara inaweza kuthibitisha spishi kwa kusoma kipande cha jeni ya COI kutoka kwenye sampuli hiyohiyo. Fanya hivyo kwa kila sampuli iliyotoka na kirusi.

Mnyororo baridi

Hapa ndipo kazi nyingi hufia. Kanuni ni hizi: nyuzi 4 kama maabara itafikiwa ndani ya saa 48, siku nne ikibidi sana. Zaidi ya hapo, moja kwa moja kwenye nitrojeni kimiminika au nyuzi hasi 80. Friza ya nyumbani ya hasi 20 usiitumie hata kama iko hotelini kwako. Hugandisha polepole na chembe za barafu hupasua virusi. Tena friza zinazojiyeyusha zenyewe hupanda na kushuka joto kila siku.

Nitrojeni kimiminika inapatikana kwa urahisi kuliko wengi wanavyojua, kwa sababu wafugaji wa ng'ombe wanaihitaji kwa mbegu za kupandishia. Tanzania, kituo cha uhimilishaji cha NAIC kiko Usa River, Arusha. Kenya, KAGRC iko Kabete. Uganda, NAGRC iko Entebbe. Piga simu wiki moja kabla ujue siku ya uzalishaji. Tangi kavu la kusafirishia, ambalo nitrojeni imefyonzwa ukutani, ni salama zaidi kuliko lenye kimiminika kinachomwagika. Lipime kwenye mizani kila asubuhi. Uzito ukishuka kuliko kawaida, ukuta wake umeharibika. Lisimame wima, na madirisha ya gari yawe wazi, kwani gesi yake husukuma hewa nje na mtu husinzia bila kujua.

Barafu kavu nayo ina hila yake. Kabonidioksidi hupenya kwenye kifuniko kilicholegea na kukigeuza kiowevu kuwa asidi. Zungushia kila kifuniko utepe wa Parafilm.

Ukifika maabara, yeyusha mara moja tu: gawa mikrolita 300 mara tatu, moja ya PCR, moja ya kuotesha, moja ya kusoma jenomu. Kila kugandisha na kuyeyusha kwa ziada kunapunguza kirusi hai.

Usafirishaji wa nje hufuata vifungashio vya tabaka tatu: kichupa, chombo kisichovuja chenye kitu cha kufyonza, na kasha gumu. Swabu huandikwa UN3373 na barafu kavu UN1845, ambazo ni namba za kimataifa za mizigo ya hatari. Kirusi kikali cha mafua kilichokwisha kuoteshwa ni UN2814, na hapo masharti hubadilika kabisa.

Maabarani

Anza na RT-PCR ya jeni ya M, ambayo inanasa mafua yote ya aina ya A. Chukua mikrolita 140 hadi 200 za sampuli, weka RNA ya kudhibiti ndani ya kila kisima. RNA hiyo isipoonekana, sampuli ina vizuizi: ichanganye na maji mara kumi, urudie. Usiandike "hasi". Ct ni idadi ya mizunguko ya PCR hadi kirusi kionekane, na ikiwa ndogo kirusi ni kingi; Ct chini ya 35 kwa kawaida huhesabiwa chanya. Kati ya 35 na 40 rudia kwa RNA mpya. Zilizo chanya zipimwe H5 na H7 siku hiyohiyo.

Ukiona H5, soma mahali protini ya H inapokatwa. Kirusi hafifu huwa na mfuatano kama RETRGLF. Chenye herufi nyingi za R na K (kila herufi ni asidi amino moja) kabla ya GLF, mfano REKRRKRGLF wa nasaba ya 2.3.4.4b, ni kikali. Kuanzia hapo kuotesha kunahitaji maabara ya usalama ngazi ya 3.

Kwa kuotesha, tumia sampuli zenye Ct chini ya 30. Ingiza mililita 0.2 kwenye mfuko wa alantoisi (mfuko wa maji ndani ya yai) wa mayai 3 hadi 5 yenye viinitete vya siku 9 hadi 11, kwa nyuzi 35 hadi 37. Yaangaze kila siku. Kiinitete kikifa ndani ya saa 24 za mwanzo, mara nyingi ni jeraha la sindano au bakteria. Kiowevu cha yai kijaribiwe kwa chembe nyekundu za kuku. Zikigandamana, inaweza kuwa mafua au mdondo, kwa hiyo pima vyote viwili. Yai la kienyeji lililotoka kwa kuku aliyechanjwa mdondo lina kingamwili na litakunyima jibu.

Kwa korona, mdondo na virusi vya mbu, zipo PCR za familia nzima zinazolenga jeni ya kimeng'enya cha kunakili RNA. Bei yake ni nafuu, na huonyesha utofauti kuliko kipimo cha kirusi kimoja.

Kusoma kila kitu

Metajenomiki husoma RNA yote iliyo kwenye sampuli bila kuchagua. Unganisha ndege 5 wa spishi moja, mahali pamoja, ziara moja. Zungusha, chuja kwa mikromita 0.45, chujio la 0.22 hupoteza virusi vikubwa kama ndui. Ondoa RNA za ribosomu, tengeneza maktaba (vipande vilivyotayarishwa kwa ajili ya mashine ya kusoma), soma. Peleka swabu tupu na maji matupu kupitia hatua zote, tangu kutoa RNA.

Halafu usikimbilie kutangaza kirusi kipya. Bata hula konokono, wadudu, samaki na majani, na virusi vyote vya chakula hicho vinapita kwenye kinyesi chake. Chora mti wa nasaba kwa kimeng'enya cha kunakili. Kirusi kikiangukia katikati ya virusi vya wanyama wenye uti wa mgongo, kina hoja. Kikiangukia kwa wadudu, kihesabu kuwa chakula hadi uthibitishe vinginevyo. Na kama kipo pia kwenye maji matupu, kifute. Kirusi kilichoitwa NIH-CQV kilitangazwa mwaka 2013 kwa wagonjwa wa ini, na ikabainika kwamba kilitoka kwenye vichujio vya silika vya kutolea RNA.

Ukikuta mizoga

Ndege watatu au zaidi waliokufa mahali pamoja, au wanaogeuza shingo na kuzungukazunguka majini, inatosha kusimamisha ukamataji wa siku hiyo. Usipasue mzoga ukingoni. Piga picha, andika GPS na idadi kwa spishi, pigia ofisi ya mifugo ya wilaya ukiwa hapohapo. Kama kibali chako kinaruhusu, chukua swabu za koo na kloaka za mizoga mibichi 5, kila mmoja na kichupa chake. Kwa shaka ya Nile Magharibi au Usutu, ubongo, moyo na figo hutolewa maabarani. Mzoga uwekwe mifuko miwili, nje ikipulizwa Virkon, upelekwe kwenye barafu bila kugandishwa kama utafika ndani ya saa 48.

Jibu la H5 au H7 lipelekwe kwa mkurugenzi wa huduma za mifugo kabla ya mtu mwingine yeyote, wala lisitumwe kwenye makundi ya WhatsApp. Serikali ndiyo inayoliarifu shirika la afya ya wanyama duniani, WOAH. Siku hiyohiyo tembelea vijiji vya karibu pamoja na ofisa mifugo: bata na kuku wafungiwe, maji yao yatoke kisimani au bombani na si ziwani, na anayeokota ndege waliokufa kwa ajili ya kitoweo aelezwe kwa lugha ya wazi kwa nini aache.